Walimsifu, Hawakumpa Nafasi

Kumnyima mtu nafasi kuna namna mbili. Iko namna ya wazi, ambayo kila mwenye macho huiona na kila mwenye insafu huilaani, nayo ni kumkataza, kumtukana na kumfungia mlango. Na iko namna ya pili, yenye heshima na adabu, ambayo haimtoi mtu machozi siku ile inapotendeka: kumsifu mbele za watu, kumtunza kwa maneno matamu, kisha kumwacha palepale barazani, asikaribishwe ndani wala asipewe ruhusa ya kwenda zake. Makala yetu ya leo yanahusu namna hii ya pili. Tumekusudia kuieleza kwa maisha ya mwanamke mmoja aliyeishi Ulaya zaidi ya miaka mia tano iliyopita, katika dola ambayo nayo ilikuwa ya visiwani.

Jina lake ni Cassandra Fedele. Alizaliwa mjini Venice, katika nchi ya Italia, mwaka 1465, na akafariki mjini humo mwaka 1558, akiwa amekula chumvi nyingi. Alipokuwa na umri wa miaka 22, sifa za elimu yake zilikuwa zimeanza kuvuka mipaka ya nchi yake. Alipofika miaka 56, alikuwa mjane fukara, akiandika barua ya kuomba msaada. Baina ya hali hizo mbili hakuvunja sheria, hakuiasi dola yake, wala hakuacha kuwa na elimu. Swali tunalotaka msomaji ajiulize ni hili: elimu ile yote ilikwenda wapi?

DOLA YA MAJINI

Mji wa Venice umejengwa juu ya visiwa vidogo vidogo zaidi ya mia moja, vilivyo katika maji ya kina kifupi pembezoni mwa bahari. Mitaa yake hutenganishwa na mifereji, na tangu zamani wenyeji wake hupanda mashua kama wengine wanavyopita njia kwa miguu. Katika karne ya 15 Venice ilikuwa jamhuri yenye nguvu na utajiri. Haikuwa na mfalme. Ilikuwa na mkuu wa kuchaguliwa, aliyeitwa Doge, pamoja na mabaraza ya utawala, mashuhuri miongoni mwake likiwa ni Seneti. Hata hivyo, viti vya mabaraza hayo vilishikwa na koo maalumu za kitajiri, kizazi baada ya kizazi.

Merikebu za Venice zilichukua pilipili na viungo kutoka bandari za Misri na Sham, zikavisambaza Ulaya. Kisiwa kikubwa cha Crete kilikuwa chini ya mamlaka yake, na kadhalika miji ya bara kama vile Padua, Verona na Brescia. Utajiri huo ndio uliowatia wakubwa wa Venice wasiwasi mkubwa baada ya mwaka 1498, pale Wareno walipopita Malindi na kufika Bara Hindi kwa bahari, wakaanza kuwanyang'anya biashara yao. Kwa hivyo, msomaji anaweza kuuweka wakati huu mahali pake: Cassandra Fedele alikuwa hai, naye ni mtu mzima, siku zile merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga katika pwani yetu.

Zama hizo wanahistoria huziita Zama za Mwamko wa Elimu. Vitabu vya kale vya Warumi na Wayunani vilikuwa vikitafutwa, vikisomwa na kufasiriwa upya. Baada ya mji wa Constantinople kutekwa na Waturuki mwaka 1453, wataalamu wengi wa Kiyunani walikuwa wakiishi Italia. Mwaka 1468 Kadinali Bessarion, ambaye mwenyewe alikuwa Myunani, aliikabidhi Jamhuri ya Venice hazina ya vitabu vyake vilivyoandikwa kwa mkono. Mwaka uliofuata mashine ya kupigia chapa vitabu ikaanza kazi mjini humo. Na katika Chuo Kikuu cha Padua, kilichoanzishwa mwaka 1222, wanafunzi walisomeshwa falsafa ya Aristotle kwa msaada wa sherehe za Ibn Rushd, na uganga kwa kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina. Elimu ilikuwa imekusanyika hapo kutoka mashariki na magharibi.

MIPAKA ILIYOWEKWA

Lakini elimu hiyo ilikuwa na wenyewe. Binti wa tabaka la juu alikuwa na njia mbili za maisha: kuolewa au kuingia nyumba ya watawa. Kwa desturi ya huko, mali ya ndoa ilitolewa na wazazi wa mwanamke kupewa mume, wala si kinyume chake, na kiasi chake kilikuwa kikipanda mwaka hadi mwaka. Baba mwenye mabinti wanne aliweza kumwoza mmoja au wawili tu, na waliobaki wakapelekwa utawani, watake wasitake.

Kuhusu kusoma, hakukuwa na katazo kamili. Lilikuwapo jambo la hila zaidi kuliko katazo. Mtaalamu mkubwa wa Florence, Leonardo Bruni, katika miaka ya 1420 alimwandikia bibi mmoja wa kabaila risala juu ya masomo yanayofaa. Alimruhusu mashairi, historia, maadili na vitabu vya dini, lakini akamwambia aiache balagha, yaani ufundi wa kuhutubia, kwa kuwa mwanamke hana baraza la kuhutubia wala mahakama ya kusimama. Miaka michache kabla yake, Francesco Barbaro, kijana wa ukoo wa watawala wa Venice, aliandika kitabu kizima juu ya mke mwema, akashauri kwamba sauti ya mwanamke nayo isitiriwe mbele ya watu, kama unavyositiriwa mwili wake.

Maana ya shauri hilo ni nzito. Balagha katika zama hizo haikuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kazi. Aliyejua kuandika na kusema Kilatini kwa ufasaha ndiye aliyekuwa katibu wa serikali, balozi, mwalimu wa chuo kikuu, au mshauri wa mfalme. Kumwambia mtu asome kila kitu isipokuwa balagha ni sawa na kumfundisha mtu kuunda jahazi na kumkataza asilishushe majini.

BINTI WA BWANA ANGELO

Baba yake Cassandra, Angelo Fedele, hakuwa katika koo za watawala, ingawa alikuwa mtu aliyeheshimiwa na mwenye mapenzi ya elimu. Alipoona wepesi wa akili ya binti yake, alianza kumfundisha Kilatini yeye mwenyewe. Baadaye akamkabidhi kwa mtawa mmoja msomi, Gasparino Borro, ambaye alimfundisha Kiyunani, falsafa na mantiki. Alizisoma kazi za Aristotle, na akaizoea lugha ya Cicero, khatibu mkubwa wa Warumi, mpaka ikawa kama lugha yake ya kuzaliwa.

Hatuna budi kusema wazi kwamba baba huyu alikuwa na shabaha zake. Mtoto msomi alikuwa fahari ya nyumba, na fahari ya nyumba humfungulia mzee milango ya wakubwa. Lakini lolote liwalo nia ya baba, elimu ikishaingia kichwani mwa mtoto inakuwa mali ya mtoto. Binti yule hakusoma kama kasuku. Alianza kuandikiana barua na wataalamu wa Italia, na wao wakamjibu kama mwenzao.

Mwaka 1487 akaja kuvuka mpaka ule ambao Bruni aliuweka. Jamaa yake, Bertuccio Lamberti, alikuwa akipokea shahada katika Chuo Kikuu cha Padua. Katika sherehe hiyo Cassandra alisimama mbele ya walimu na wakubwa wa mji, akatoa hotuba kwa Kilatini. Alianza kwa kukiri kuwa ni jambo la ujasiri kwa msichana wa umri wake kusimama mbele ya wanazuoni kama wale. Kisha akaendelea. Alimsifu jamaa yake kwa utaratibu wote wa balagha, na akaitukuza falsafa pamoja na elimu zote zinazomfanya mwanadamu kuwa mwanadamu. Hotuba ile ilipigwa chapa katika mji wa Modena mwaka huohuo, ikapigwa chapa tena Venice mwaka 1488, na mwaka 1489 ikapigwa chapa Nuremberg katika nchi ya Ujerumani.

Tuzingatie jambo moja. Aliyepewa shahada siku ile ni Bertuccio. Cassandra alialikwa kuipamba sherehe ya shahada, na yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kuiomba.

MVUA YA SIFA

Baada ya hapo sifa zilimnyeshea kama mvua ya masika. Alihutubia mbele ya Doge Agostino Barbarigo juu ya faida za elimu. Wakubwa waliopita Venice walitaka kumwona. Mwaka 1491 alitembelewa na Angelo Poliziano, mshairi na mwanachuoni ambaye huenda hakuwa na mfano Italia nzima. Poliziano alimwandikia barua akimwita pambo la Italia, akisema kwamba mahali pa sufu ya kusokota ameshika kitabu, na mahali pa sindano ameshika kalamu. Kwa rafiki yake Lorenzo de' Medici, bwana wa Florence, aliandika pia kumsifu.

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama na kulinganisha. Poliziano naye hakuzaliwa katika utajiri. Baba yake aliuawa angali mtoto. Lakini elimu yake ya Kilatini na Kiyunani ilimwingiza katika nyumba ya Medici akiwa mwalimu wa watoto wao, na mwaka 1480 ikampa kiti cha ualimu katika chuo cha Florence. Elimu ileile, kwa lugha zilezile na vitabu vilevile, ilimpa mwanamume mshahara na wanafunzi, na mwanamke ikampa barua za pongezi.

Mlango mmoja ulifunguka, nao ulikuwa wa ng'ambo. Malkia Isabella wa Hispania, ambaye alithamini elimu na alikusanya wataalamu katika jumba lake, alimwalika Cassandra aende kukaa kwake. Mazungumzo juu ya safari hiyo yaliendelea kwa miaka kadhaa. Safari haikuwa. Waandishi wa maisha yake wameeleza tangu zamani kwamba Seneti ya Venice ilimzuia, ikisema kuwa Jamhuri haiwezi kuridhia kupoteza pambo lake. Wataalamu wa siku hizi huongeza kwamba vita navyo vilikuwa sababu kubwa, kwani mwaka 1494 Mfalme Charles wa 8 wa Ufaransa aliivamia Italia kwa jeshi, na njia zikawa za hatari. Vyovyote iwavyo, matokeo ni yaleyale. Cassandra alibaki Venice, na Venice iliyoona fahari kuwa naye haikumpa kiti cha ualimu, wala ukatibu, wala mshahara wa kumwezesha kusoma.

Yeye mwenyewe hakuwa mjinga wa hali hiyo. Katika hotuba yake ya kuitukuza elimu alisema kwa maneno ya wazi kwamba masomo hayo hayamwahidi mwanamke malipo wala cheo, na kwamba hata hivyo kila mwanamke yampasa ayatafute kwa ajili ya furaha iliyomo ndani yake. Wako wanaoyasoma maneno hayo kama unyenyekevu. Sisi tunayaona pia kuwa ni ushahidi: alisema mbele ya mkuu wa dola kwamba dola haimlipi mwanamke kwa elimu yake, na mkuu wa dola akasikia na kupiga makofi.

UZIO WA MATUSI NA UZIO WA SIFA

Cassandra hakuwa wa kwanza wala wa pekee. Katika mji wa Verona aliishi kabla yake Isotta Nogarola, aliyezaliwa mwaka 1418. Mama yake, mjane asiyekuwa na elimu ya Kilatini, aliwawekea mabinti zake mwalimu. Isotta alipomwandikia mwanachuoni maarufu Guarino wa Verona na kukaa muda mrefu bila ya jibu, watu wa mji walimcheka, na aliyemcheka zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni wanawake wenziwe. Mwaka 1439 mtu asiyetaja jina lake alieneza waraka wa kumsingizia uchafu wa ajabu, kwa hoja kwamba mwanamke mwenye ufasaha hawezi kuwa na staha. Isotta hakuolewa wala hakuingia utawani. Alijitenga katika nyumba ya jamaa zake, akaendelea kusoma, na mwaka 1451 akaandika mjadala wake mashuhuri na Ludovico Foscarini, mtawala wa mji kutoka Venice, juu ya nani mwenye lawama kubwa zaidi baina ya Adamu na Hawa. Alifariki mwaka 1466.

Katika mji wa Brescia aliishi Laura Cereta, aliyezaliwa mwaka 1469, miaka minne baada ya Cassandra. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 15 na mfanyabiashara, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi akafiwa. Huyu alikuwa akisoma usiku, baada ya kazi za nyumbani kwisha na watu kulala. Mwaka 1488, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alimwandikia barua kali mtu aliyemsifu kupita kiasi. Tunaomba msomaji aipime hoja yake, kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya. Laura alisema kwamba yule anayemstaajabia yeye kana kwamba ni kioja anawatukana wanawake wote waliobaki, kwa sababu ustaajabu wake una maana kwamba hakutarajia akili kwa mwanamke. Akaorodhesha wanawake wasomi wa zama za kale, mmoja baada ya mwingine, kuonyesha kwamba wamekuwapo siku zote. Akasema maumbile yamewapa binadamu wote uwezo wa kujifunza, na tofauti iliyoko inatokana na kile ambacho mtu anachagua kukishughulikia.

Isotta, basi, alizungushiwa uzio wa matusi. Cassandra alizungushiwa uzio wa sifa. Na Laura, aliyekuwa mdogo kuliko wote, ndiye aliyeona kwamba nyua hizi mbili zimejengwa kwa miti ya msitu mmoja. Anayemtukana msichana msomi anasema: huyu si mwanamke wa kawaida, ni mwovu. Anayemsifu kupita kiasi anasema: huyu si mwanamke wa kawaida, ni muujiza. Wote wawili wamekubaliana kwamba wa kawaida hana haki ya kusoma. Na kwa muujiza hakuna haja ya kuandaa skuli, kwa sababu muujiza hauna mwenzake.

UKIMYA WA MIAKA MINGI

Mwishoni mwa miaka ya 1490, Cassandra akiwa amepindukia miaka 30, aliolewa na tabibu mmoja wa Vicenza, Gian Maria Mappelli. Tangu hapo kalamu yake ilipunguza mwendo. Miaka michache kabla ya hapo binti mmoja msomi wa Florence, Alessandra Scala, alimwuliza kwa barua achague lipi, ndoa au vitabu. Cassandra alimjibu afuate lile ambalo maumbile yake yanamwelekeza zaidi. Ni jibu la busara, lakini linaonyesha ufinyu wa njia yenyewe. Hakuna aliyemwuliza Poliziano achague baina ya vitabu na maisha.

Mwaka 1515 mume wake alipelekwa na Jamhuri kufanya kazi ya utabibu katika kisiwa cha Crete, na mkewe akafuatana naye. Mwaka 1520 walipokuwa wakirejea, dhoruba iliwakuta baharini na wakapoteza sehemu kubwa ya mali yao. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya dhoruba kwa familia iliyopakia kila ilichonacho katika chombo kimoja. Muda si muda mume akafariki. Hawakujaaliwa mtoto. Mwanamke aliyewahi kualikwa na malkia wa Hispania akabaki mjane asiye na mali, katika mji uliomwita pambo lake.

Mwaka 1521 alimwandikia Papa Leo wa 10 huko Roma kuomba msaada. Msaada haukuja. Miaka 26 ilipita. Mwaka 1547, Cassandra akiwa na zaidi ya miaka 80, alimwandikia Papa Paulo wa 3. Papa huyu aliitaka Seneti ya Venice imwangalie. Ndipo Jamhuri ilipomkumbuka, ikampa ukuu wa nyumba ya kulelea mayatima katika mtaa wa Castello, iliyokuwa pamoja na kanisa la San Domenico. Kwa hivyo, nafasi ya umma ambayo dola ilimpa msomi yule ilimfikia katika uzee wake, na kwa maombi ya mtu wa nje.

Aliishika kazi hiyo kwa miaka yake iliyobaki. Na mwaka 1556, Malkia Bona Sforza wa Poland alipozuru Venice, Seneti ilitafuta mtu wa kumpokea kwa hotuba ya Kilatini, ikamwendea bibi kizee wa miaka 91. Akasimama, akahutubia. Miaka 69 ilikuwa imepita tangu siku ile ya Padua, na ulimi wake ulikuwa haujasahau. Miaka miwili baadaye alifariki, na Jamhuri ikamfanyia mazishi ya heshima za kitaifa.

Vitabu vya wakati wake vilikuwa vingi, lakini barua zake na hotuba zake zilisubiri hadi mwaka 1636 ndipo zikapigwa chapa kwa pamoja, barua 123 na hotuba tatu, kwa juhudi za Jacopo Filippo Tomasini mjini Padua. Huyohuyo Tomasini ndiye aliyezitoa barua za Laura Cereta mwaka 1640. Na katika chuo kikuu kilekile cha Padua, mwanamke wa kwanza kupewa shahada ya udaktari alikuwa Elena Cornaro Piscopia, mzaliwa wa Venice, mwaka 1678. Naye aliomba shahada ya elimu ya dini, askofu akakataa, akapewa ya falsafa. Kutoka siku Cassandra alipoipamba sherehe ya shahada ya mwanamume mpaka siku mwanamke alipopewa shahada yake, ilipita miaka 191.

LA KUZINGATIA

Ndugu msomaji, si haki kuihukumu Venice ya karne ya 15 kwa mizani ya leo. Lakini ni haki kuuliza hesabu. Jamhuri ile ilikuwa hodari wa hesabu kuliko dola zote za zama zake. Ilijua kila gunia la pilipili limetoka wapi na litauzwa kwa bei gani. Gunia la pilipili lililoachwa ghalani miaka sitini lingemfukuzisha mtu kazi. Akili ya Cassandra Fedele iliachwa miaka sitini, na hakuna karani aliyeulizwa.

Wala isidhaniwe kwamba waliomwacha walikuwa watu wabaya. Hapo ndipo penye funzo kwa sisi tulio katika utumishi wa umma. Walikuwa watu waliomheshimu. Walimpa nafasi ya mbele siku ya sherehe, wakamtanguliza mbele ya wageni, wakampa maziko ambayo matajiri wengi hawakuyapata. Waliamini kwa dhati kwamba kwa kufanya hivyo wamekwisha timiza wajibu wao. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga, na watu wa Venice walikivika pete kila mwaka. Hawakufikiri kwamba chanda kiliumbwa kwa ajili ya kazi kwanza, na pete ni ziada.

Visiwa vina hasara moja ambayo mabara hayana: watu wetu ni wachache, na kila akili inayopotea huonekana pengo lake. Basi tunapompigia makofi binti aliyeshinda mtihani, tukapiga naye picha na kumkabidhi zawadi, swali linalofaa kuulizwa kabla ya watu kutawanyika ukumbini ni la kiofisi kabisa: kesho asubuhi atakwenda wapi, atapokewa na nani, na fungu la kumsomesha au la kumwajiri limo katika bajeti ya idara gani? Ikiwa swali hilo halina jibu, basi tuliyoyafanya pale ukumbini Doge Barbarigo aliyafanya kabla yetu, na kwa Kilatini kizuri.

Na wazazi nao wanalo fungu lao. Angelo Fedele alimfundisha binti yake wakati jirani zake wakiwafundisha wao kusokota sufu tu, na kwa hilo anastahili kukumbukwa. Lakini aliishia kumwonyesha. Mama wa Isotta Nogarola, ambaye hakujua kusoma Kilatini, alimtafutia binti yake mwalimu, na binti huyo alipokataa kuolewa, nyumba ya jamaa zake haikumfukuza. Tofauti hiyo ndogo ilimwezesha Isotta kuandika mpaka karibu na kufa kwake.

Kanisa la San Domenico, ambalo Cassandra alizikwa karibu na mayatima wake, lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, na mahali pale pakafanywa bustani. Kaburi halipo. Zimebaki barua 123 na hotuba tatu, na moja ya hotuba hizo inamwambia kila mwanamke asome ijapokuwa hatalipwa. Yeye aliweza kusema hivyo kwa sababu lilikuwa ni deni alilodai yeye. Sisi tulioko upande wa kulipa hatuna ruhusa ya kuyakariri maneno hayo.